Mfichuzi, Mwenyeji na Mdai: Namna ya Kufundisha Hifadhi ya Kisiasa katika Darasa la Saba

Utangulizi

Miongoni mwa mada za Uraia zinazowatia hofu walimu wanaoanza kazi ni zile zinazohusu migogoro baina ya mataifa. Mwalimu hudhani kwamba hana ila njia mbili: ama awape wanafunzi majina na tarehe wakariri, ama awaambie nani mwema na nani mwovu. Njia ya kwanza haifundishi kitu. Ya pili hufundisha kitu kibaya, yaani kwamba hukumu yaweza kutolewa kabla ya kusikiliza. Makala haya yanakusudia kuonyesha njia ya tatu kwa kutumia mfano mmoja: mtu aliyefichua siri za serikali yake, akakimbilia ng'ambo kuomba hifadhi, na mataifa yakakosana kwa ajili yake.

Mtu huyo ni Edward Snowden, raia wa Marekani. Mfano wake umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mambo yake makuu yanajulikana pamoja na tarehe zake. Pili, watu wenye nia njema hawajakubaliana mpaka leo juu ya tendo lake, hivyo mwalimu hawezi kujificha nyuma ya jibu moja la kitabu. Jambo ambalo mwanafunzi anapaswa kuondoka nalo ni hili: kumpa mtu hifadhi si sawa na kusema kwamba aliyoyatenda ni haki. Hayo ni maswali mawili, na ugomvi wa mataifa huwa mkali zaidi pale yanapochanganywa.

Kuanza na Maneno

Kabla ya kutaja nchi yoyote, mwalimu aanze na lugha, maana maneno ya suala hili wanafunzi wanayo tayari. Aandike ubaoni: mchongezi, msaliti, mfichuzi, mtoa taarifa. Kisha awatake wanafunzi watunge sentensi kwa kila neno na kueleza tofauti wanazoziona.

Mchongezi hupeleka maneno kwa mkubwa ili mwenziwe aadhibiwe. Msaliti huwatoa wenzake kwa adui. Mfichuzi huweka hadharani jambo lililofichwa, kwa kuamini kwamba kule kufichwa kwake kunawadhuru watu. Mtoa taarifa ni jina lililo pana zaidi, nalo ndilo linalotumika katika sheria. Wote wanne wamesema; kwa hiyo tofauti yao haimo katika kusema. Imo katika nia ya msemaji, katika ukweli wa maneno yake, na katika mtu aliyemwambia. Wanafunzi wakisha kuliona hilo, mwalimu aulize: Je, yawezekana mtu mmoja akaitwa mfichuzi na hawa, na msaliti na wale? Asijibu. Aliache swali hilo ubaoni mpaka mwisho wa somo.

Methali isemayo kwamba siri ya mtungi aijuaye kata itafaa sana hapa. Kata huingia mtungini kila siku. Ndivyo alivyo karani wa stoo, mtunza kumbukumbu, au fundi wa mitambo ya kompyuta. Mfichuzi karibu siku zote ni mtu wa ndani, kwani wa nje hana la kufichua. Lakini kwa sababu hiyo hiyo wakubwa wake humwona kuwa amevunja amana aliyokabidhiwa. Methali moja hubeba pande zote mbili za shauri.

Neno la mwisho ni hifadhi. Wanafunzi wa Kigoma na mikoa jirani wanamjua mkimbizi kuwa ni mtu wa Burundi au Kongo aliyekimbia vita pamoja na jamaa zake. Mwalimu aeleze kwamba hifadhi ya kisiasa hutolewa pia kwa mtu mmoja, asiyekimbia bunduki ila anayeogopa kudhulumiwa na serikali kwa ajili ya maoni au matendo yake ya kisiasa.

Habari Ambayo Mwalimu Hana Budi Kuijua

Snowden alizaliwa mwaka 1983. Mwaka 2013 alikuwa akifanya kazi Hawaii katika kampuni binafsi iliyopewa kandarasi na shirika la Marekani linalonasa na kuchunguza mawasiliano kwa ajili ya usalama wa taifa. Kazi yake ya mitambo ya kompyuta ilimwezesha kuziona nyaraka za siri. Mwezi Mei alikwenda Hong Kong, na huko akakutana na waandishi wa habari. Tarehe 5 Juni 2013 gazeti la Uingereza, The Guardian, lilichapisha habari ya kwanza: amri ya siri ya mahakama iliyoitaka kampuni kubwa ya simu ikabidhi kwa serikali, kila siku, kumbukumbu za simu za mamilioni ya wateja wake. Tarehe 9 Juni Snowden alijitaja mwenyewe kuwa ndiye aliyezitoa.

Ili kueleza kumbukumbu hizo, mwalimu achukue bahasha iliyofungwa. Nje pameandikwa jina la mpelekewa, na muhuri wa posta unaonyesha mahali na siku. Aliyeishika hajaisoma barua, lakini amekwisha kujua nani kamwandikia nani, na lini. Kumbukumbu za simu ni kama bahasha hiyo: zinaonyesha namba zilizopigiana, saa na muda, pasipo maneno yaliyosemwa. Waulizwe wanafunzi: mtu akizikusanya bahasha zako zote za miaka mitano, atajua nini juu yako?

Serikali ya Marekani ilimshtaki Snowden kwa wizi wa mali ya serikali na kwa makosa mawili chini ya Sheria ya Ujasusi ya mwaka 1917. Mashtaka yalitangazwa tarehe 21 Juni, na pasipoti yake ikafutwa. Hong Kong iliombwa imkamate. Ikajibu kwamba maombi hayo hayakutimiza masharti yote ya sheria zake. Tarehe 23 Juni alipanda ndege kwenda Moscow, na huko akakwama katika uwanja wa ndege wa Sheremetyevo. Hakuweza kuingia Urusi wala kuendelea na safari. Aliomba hifadhi katika nchi zaidi ya 20. Baadhi zilikataa, nyingine zilijibu kwamba mwombaji lazima awe amefika kwanza katika ardhi yao. Venezuela, Nicaragua na Bolivia zilisema ziko tayari kumpokea. Tarehe 1 Agosti Urusi ilimpa hifadhi ya muda ya mwaka mmoja. Baadaye alipewa vibali vya kuishi, na mwezi Septemba 2022 akapewa uraia wa nchi hiyo.

Mvutano wa Mataifa

Mambo manne yatatosha kuonyesha jinsi mtu mmoja alivyoyatikisa mahusiano ya mataifa.

La kwanza ni ndege ya Bolivia. Usiku wa tarehe 2 Julai 2013 Rais Evo Morales alikuwa akirudi kwao kutoka mkutanoni Moscow. Nchi kadhaa za Ulaya zilizuia ndege yake isipite katika anga zao, kwa kudhani kwamba Snowden yumo. Ikalazimika kutua Vienna, Austria, na Rais akakaa uwanjani mpaka siku ya pili. Snowden hakuwamo. Tarehe 4 Julai viongozi kadhaa wa Amerika ya Kusini walikutana Cochabamba na kulaani jambo hilo, na Ufaransa ikaeleza masikitiko yake.

La pili ni baina ya Marekani na Urusi. Tarehe 23 Julai Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Eric Holder, aliiandikia Urusi kwamba Snowden akirudishwa hatadaiwa adhabu ya kifo wala kuteswa. Urusi haikumrudisha, tena hapakuwa na mkataba wa kurudishiana watuhumiwa baina ya nchi hizo mbili. Tarehe 7 Agosti ikatangazwa kwamba Rais Barack Obama hatakutana na Rais Vladimir Putin huko Moscow kama ilivyokuwa imepangwa.

La tatu linahusu nchi ambazo hazikumpa Snowden hifadhi, lakini ziliyasoma aliyoyafichua. Mwezi Septemba Rais Dilma Rousseff wa Brazil aliahirisha ziara yake ya kitaifa Washington baada ya habari kwamba mawasiliano yake yalichunguzwa. Mwezi Oktoba Ujerumani ilimwita balozi wa Marekani atoe maelezo juu ya habari kwamba simu ya Kansela Angela Merkel ilinaswa.

La nne ni tunda la yote hayo. Tarehe 18 Desemba 2013 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha, bila kupiga kura, azimio juu ya haki ya faragha katika mawasiliano ya kisasa. Waliolipeleka ni Brazil na Ujerumani.

Sheria Inasemaje?

Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 14, linampa kila mtu haki ya kutafuta na kupata hifadhi katika nchi nyingine asidhulumiwe. Lakini kifungu hicho hicho kinasema kwamba haki hiyo haimhusu anayeshtakiwa kwa kweli kwa makosa yasiyo ya kisiasa. Mwalimu aisisitize tofauti hii: kushtakiwa si sawa na kudhulumiwa. Mwizi wa ng'ombe anayevuka mpaka hawi mkimbizi kwa kuvuka. Shida huja pale ambapo serikali inasema, "Tunamshtaki," naye mtu anasema, "Wananidhulumu," na wote wawili wanazungumzia tendo lile lile.

Afrika nayo ina neno lake katika jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliokubaliwa Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, unaeleza katika kifungu cha 2 kwamba kutoa hifadhi ni tendo la amani na la utu, na kwamba nchi mwanachama yoyote isilihesabu kuwa tendo la uadui. Kifungu cha 3 kinamkataza mkimbizi kufanya vitendo vya kuihujumu nchi yoyote mwanachama. Mkataba huo haukuzifunga Marekani na Urusi. Hata hivyo, una mafunzo kwa darasa letu: hekima ya mwenyeji ni kumpokea mgeni bila kuugeuza uwanja wake kuwa mahali pa kumrushia jirani mawe.

Maswali Matatu

Hapa ndipo penye kiini cha mbinu tunayoipendekeza. Mwalimu augawe ubao katika safu tatu na aandike swali moja juu ya kila safu.

Safu ya mfichuzi: Je, alitenda haki kuzitoa siri zile, na kuzitoa kwa njia ile?

Safu ya mwenyeji: Je, nchi iliyoombwa ina haki ya kumpokea, na ina sababu gani?

Safu ya mdai: Je, nchi yake ina haki ya kumdai, na kwa njia zipi?

Kila hoja itakayotolewa na mwanafunzi iandikwe katika safu yake. Ikiwa haijulikani ni ya safu gani, darasa liamue. Kazi hii ya kupanga hoja ndiyo inayofundisha, kuliko hata majibu yenyewe.

Wanafunzi watagundua kwamba majibu ya safu hizi yaweza kupishana. Mtu aweza kusema kwamba Snowden alikosea, lakini asiamini kwamba angepata nafasi ya kujitetea kwa haki. Basi ataona hifadhi inafaa. Mwingine aweza kusema kwamba alitenda haki, na papo hapo akatambua kwamba nchi inaweza kumpokea mfichuzi wa mpinzani wake kwa ajili ya kumkera mpinzani huyo, hali yenyewe haiwavumilii wafichuzi wa kwake. Wa tatu ataona kwamba Marekani ilikuwa na haki ya kumdai, lakini kwamba kuisimamisha njiani ndege ya rais wa nchi nyingine ni kupita kiasi. Hakuna hata mmoja kati yao anayejipinga.

Katika safu ya kwanza mwalimu awe na hoja za pande zote. Upande mmoja, mwezi Mei 2015 mahakama ya rufani huko New York iliamua kwamba ukusanyaji ule wa kumbukumbu za simu haukuruhusiwa na sheria iliyotajwa na serikali, na mwezi Juni Bunge la Marekani likabadili sheria ili kuukomesha. Upande wa pili, kamati ya ujasusi ya Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo ilieleza mwaka 2016 kwamba Snowden aliudhuru sana usalama wa taifa, na kwamba nyaraka nyingi alizozichukua hazikuhusu kabisa faragha ya raia. Kadhalika, Rais Obama alisema kwamba zilikuwapo njia nyingine kwa mwenye dukuduku. Snowden naye alijibu kwamba ulinzi wa kisheria haukumhusu mtu kama yeye, aliyeajiriwa na kampuni ya kandarasi.

Hatua za Somo

Andalio hili ni la vipindi viwili vya dakika 40. Vifaa ni ubao, ramani ya dunia, uzi, na bahasha moja yenye muhuri wa posta.

Kipindi cha kwanza. Dakika 10: maneno manne na methali. Dakika 15: mwalimu asimulie habari kwa ufupi, huku mwanafunzi mmoja akivuta uzi katika ramani kutoka Hawaii hadi Hong Kong na kutoka Hong Kong hadi Moscow. Uzi wa pili uvutwe kutoka Moscow kuelekea Bolivia, ukomee Vienna. Wanafunzi wahesabu siku kutoka tarehe 23 Juni hadi tarehe 1 Agosti, watapata 39. Dakika 10: bahasha na maswali yake. Dakika 5: muhtasari madaftarini.

Kipindi cha pili. Dakika 5: marudio. Dakika 15: darasa ligawanywe makundi matatu, kila kundi safu moja, liandae hoja zisizopungua mbili za kukubali na mbili za kukataa. Dakika 15: makundi yatoe taarifa, na hoja ziandikwe ubaoni. Dakika 5: darasa lirudi kwenye swali lililoachwa tangu mwanzo.

Mwalimu asipigishe kura ya kuamua kama Snowden ana hatia. Kura ya namna hiyo hulifuta somo zima, kwani mwanafunzi atakumbuka nani alishinda na kusahau kwa nini.

Tahadhari kwa Mwalimu

Tahadhari ya kwanza ni ya nidhamu. Baada ya somo hili wapo watakaodhani kwamba mwalimu amefungua mlango wa kuchongeana. Kamwe asimtumie mtoto kupeleleza wenzake, wala asisome mbele ya darasa jina la aliyemletea habari. Akifanya hivyo mara moja tu, amewafundisha watoto 50 kwamba mwenye kusema kweli hutolewa peke yake uwanjani, na hakuna maneno ya ubaoni yatakayolifuta fundisho hilo.

Ya pili ni nzito zaidi. Mtoto anayesikia habari za siri zinazodhuru aweza kuikumbuka siri yake mwenyewe, pengine ya kupigwa au kudhulumiwa nyumbani, au hata shuleni. Akianza kuieleza mbele ya wenzake, mwalimu amkatize kwa upole na amsikilize baadaye mahali pa staha. Asimwahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Afisa ustawi wa jamii ndiye wa kuendewa. Ikiwa anayetuhumiwa ni mtu wa shule ile ile, mwalimu asiishie katika ofisi ya shule. Siku hiyo mwalimu atakuwa yeye mwenyewe mtoa taarifa, na atauelewa uzito wa neno hilo.

Mfano wa Karibu

Wanafunzi wakidhani kwamba mambo haya ni ya mbali, watajiwe John Githongo wa Kenya. Mwaka 2003 aliteuliwa na serikali ya Rais Mwai Kibaki kuwa Katibu Mkuu wa kusimamia utawala bora na maadili. Akachunguza kandarasi zilizojulikana kwa jina la Anglo Leasing. Mwezi Februari 2005, akiwa London, alijiuzulu, akaishi Uingereza na kurudi Kenya mwaka 2008. Mwaka 2006, taarifa yake ilipotangazwa magazetini, mawaziri walijiuzulu. Hapa mfichuzi alikuwa amepewa na serikali yenyewe kazi ya kutafuta ukweli, na bado aliona heri asemee ng'ambo.

Mfano huu unaleta swali ambalo ni zuri kwa kufungia mada: ni jambo gani lingemwezesha mfichuzi kubaki kwao? Wanafunzi watataja mahakama ya haki, mkubwa anayesikiliza, sheria ya ulinzi. Mwaka 2015 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Sheria huandikwa kwa siku chache. Mazoea ya kumsikiliza mwenye habari chungu hujengwa polepole, na shule ya msingi ni mojawapo ya mahali yanapoanzia.

Kupima Maendeleo

Maswali ya kukariri yasizidi mawili. Mengine yawe ya namna hii:

1. Eleza kwa sentensi tatu tofauti baina ya mchongezi na mfichuzi.

2. "Nchi iliyompa mtu hifadhi imekubali kwamba matendo yake ni haki." Je, kauli hii ni kweli? Toa sababu mbili.

3. Weka hoja hii katika safu yake: "Alikuwa ameahidi kutunza siri alipoajiriwa."

4. Wewe ni balozi. Serikali yako imempa hifadhi mtu anayedaiwa na nchi unayoiwakilishia serikali yako. Andika barua fupi ya heshima kueleza uamuzi huo pasipo kumsifu wala kumlaumu mtu huyo.

Swali la nne ndilo kipimo halisi. Mwanafunzi atakayeweza kuiandika barua hiyo ameelewa kwamba mlango wa mwenyeji na kiti cha hakimu ni vitu viwili mbalimbali.